Mlinzi Asiye na Shemeji

Ajambo alinipigia simu Jumapili mchana, nikiwa nimeketi uani nachambua mbaazi. Alijitambulisha kuwa ni binti wa Nabwire wa Bukhayo, kisha akaniambia kwamba mama yake amefariki na tayari wamemzika. Nilimwacha akiwa mtoto anayejifunza kutembea kwa kushikilia ndoo za maji, na sasa sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa ya mama mtu mzima, nzito na tulivu. Nilimpa pole. Nilimwuliza kama mama yake aliugua sana, akasema si sana. Halafu akaniambia, "Alikuwa anakutaja." Nikamwuliza alikuwa akinitajaje, akawa kama anayetafuta jambo la kunipendeza asilipate. "Alikuwa anasema tu, Mkamba," akajibu. "Anasema Mkamba, halafu ananyamaza." Tulipoagana nilirudi kwenye mbaazi zangu.

Niliishi Busia mwaka mmoja tu, mwaka ule uliotangulia mvua za El Niño, nikiwa bado bibi arusi asiye na mtoto. Mume wangu Kioko alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, akipeleka shehena Kampala na mbele zaidi, na tulikuwa tumepanga chumba mtaa wa Burumba, palepale Busia, ili kila akivuka mpaka awe na mahali pa kuoga na kula chakula cha nyumbani. Mpango ulikuwa mzuri. Lakini sijamaliza hata kufungua masanduku, kampuni yake ikabadilisha njia, malori yakawa yanavukia mpaka wa Malaba. Kodi tulikuwa tumeshalipa, na Kioko akasema nivumilie, pengine watarudisha njia ya zamani. Hawakurudisha. Nikabaki na kitanda, jiko, sufuria tatu na picha ya harusi ambayo sikujua niitundike ukuta upi, kwa kuwa hakukuwa na mgeni wa kuitazama.

Chumba kile kilikuwa kimoja kati ya vingi vilivyopangwa mstari mmoja chini ya paa la mabati. Kuta hazikufika juu, kwa hiyo maneno ya kila nyumba yaliruka ukuta na kuingia kwangu bila kubisha hodi. Upande wa kushoto kulikuwa na mume na mke waliozungumza Kiteso, upande wa kulia mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani; simu hazikuwa zimefika enzi hizo, basi alizungumza na Mungu. Nilijifunza kutofautisha ugomvi na maombi kwa mlio tu. Watu walikuwa wema. Walinisalimu, "Mulembe," nami nikaitikia "Mulembe," na hapo maneno yangu yakaisha. Wanawake wote pale waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama fulani na Mama fulani, na mimi, kwa kuwa sikuwa na mtoto, niliitwa Mkamba. Jioni nilipika ugali wa mtu mmoja, na nadhani kila aliyewahi kuupika anajua kwamba unga kidogo vile haukubali kushikana vizuri. Unaukoroga tu, unaula, unaosha sufuria, na bado kuna mwanga nje.

Nabwire nilimpata sokoni. Nilikuwa nikipitapita kwenye mikeka ya mafunjo, si kwa kununua, ila kwa sababu nilikulia kwenye ususi wa vyondo na vidole vyangu vilikuwa na hamu ya kushika kitu kilichosukwa. Nikashika ukingo wa mkeka mmoja, nikauvuta. Mwenye mkeka, mwanamke mwembamba aliyembeba mtoto mgongoni, akaniangalia akicheka.

"Dada, unanunua ama unakagua?"

"Ukingo huu utafumuka," nilimwambia.

"Basi keti hapa uushone, badala ya kuniharibia soko."

Nikaketi. Nadhani nilikuwa sijazungumza na mtu sentensi ndefu kama ile kwa muda mrefu mno, maana nilipoinuka jua lilikuwa limeshuka, Ajambo alikuwa amelala mapajani mwangu, na tulikuwa tumeshazungumzia habari za wakwe, za kuzaa, za nguo na za chakula tunachokosa. Yeye hakuwa amekosa chakula chochote. Alikuwa amekosa mtu wa kumsikiliza, alivyosema, kwa sababu mumewe alikuwa ameoa mke wa pili, na tangu hapo boma zima lilikuwa likimsikiliza yule mwingine.

Baada ya hapo nikawa nakwenda kwake Bukhayo karibu kila juma, nikibebwa na boda boda ya baiskeli, nimeshikilia kiti cha nyuma na mfuko wa sukari. Jiko lake lilikuwa la udongo, jeusi kwa moshi, na ndani yake nilikula vitu nilivyodhani sitavila maishani. Mvua fupi ziliponyesha alinikaangia kumbikumbi kwa chumvi. Nilisitasita. "Kula," akasema. "Hawajakutafuta, ni wewe umewafuata kwao." Walikuwa watamu, wana mafuta, na ladha yao bado ninayo mdomoni. Kichuguu walikotoka kilikuwa cha mama mkwe wake. Nililala huko, na kesho yake nilimwona mama mkwe huyo mwenyewe akiondoa blanketi la kuwanasia lililofunika kile kichuguu, wadudu wakiwa bado wanatoka kwa wingi. Wakaruka hewani kama vumbi la dhahabu, na kuku wakawakimbilia. Nilimwuliza Nabwire kwa nini wanawaachilia na mabeseni bado yana nafasi. "Hawa ndio wanaenda kuanzisha nyumba zingine," akasema, kama mtu anayeeleza kwa nini anafunga mlango.

Ni yeye aliyenipeleka kwenye kinamasi cha mto Sio. Sikuwa nimewahi kuona mimea mirefu kiasi kile iliyosimama majini. Mafunjo yalitupita vichwa, mashina yake laini yenye pembe tatu, na juu kila shina limebeba kichwa chenye nyuzi nyingi za kijani, kama nywele za mtu aliyeshtuka. Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya matope. Wanawake walikata wakiwa wamefunga leso viunoni, wakiitana kwa majina ili mtu asipotee, na sauti zikija bila mtu kuonekana. Kikundi chao kilikuwa na mwenyekiti, Mama Felista, mwanamke mpana aliyeongoza pia kwaya ya kanisa. Hakuna aliyewatuma kutoka ofisi yoyote. Walikuwa wameona tu jinsi upande wa darajani ulivyokatwa na kuchomwa mpaka ukabaki tope linalopasuka, nao wakakubaliana wenyewe: kinamasi kigawanywe, upande mmoja upumzike wakati mwingine unakatwa, mafunjo machanga ambayo vichwa vyake havijafunguka yaachwe, na asiingie mtu na moto. Anayevunja anapoteza mzigo wake na anakaa nje mpaka msimu uishe.

Shida yao ilikuwa mlinzi. Waliyemweka mwanzo alikuwa amemfumania mke wa kaka wa mumewe, akajifanya hakuona. Wa pili alimtaja mtu, na boma lake likawaka moto wa maneno hadi akaacha kazi. Basi siku moja, katika mkutano wao kwenye nyasi za kanisa, mimi nikiwa nimekwenda nyuma ya jengo kunawa miguu, nilisikia jina langu. Ni Mama Felista aliyekuwa akizungumza, kwa Kiswahili kwa sababu ya Wateso waliokuwamo. "Mtu wa hapa atamkamata shemeji yake? Hawezi. Huyu Mkamba hana shemeji huku. Hata akimkosea mtu, amemkosea tu, hakuna boma litavunjika." Wakacheka, wakapiga makofi. Niliporudi waliniambia nimechaguliwa. Nabwire alipiga kelele za furaha kuliko wote, akaninyanyua mkono. Nilifurahi, siwezi kukana. Lakini niliporudi chumbani jioni yale maneno yalikuwa yamekuja nami. Walikuwa wamenichagua kwa sababu sikuwa na mtu.

Nilifanya kazi ile kwa moyo. Asubuhi nilizunguka ukingo wa kinamasi, nikiangalia mahali palipopumzishwa, nikijua njia za ng'ombe na njia za watu. Wanawake walinipa nafasi ya kukata pia, na nikaleta ukingo wa kikwetu kwenye mikeka yao. Kisha kiangazi kikaja, kirefu kuliko kawaida. Mto ukapungua. Mashamba ya mahindi yakakunjamana, na ikawa mkeka ndio unaoleta unga nyumbani. Wakati huohuo akaja mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka, mama mnene mwenye gomesi ya hariri, lile gauni refu la Waganda, tuliyemwita Nalongo kwa sababu alikuwa na mapacha. Alitaka mikeka ya kuanikia samaki na nafaka, na aliitaka mingi.

"Banange, mnaniletea hii kidogo hivi, mimi nitajaza gari na nini?" alisema, akisimama juu ya rundo letu. "Pale kuna mafunjo mazuri sana, nimeona nikipita. Kwa nini mnaacha yazeeke?"

Alikuwa akionyesha upande uliopumzika. Ulikuwa mzuri kweli, mrefu na mnene, wakati upande wetu ulikuwa umebaki mabua. Mama Felista akamwambia hapo hapakatwi mpaka mvua zianze. Nalongo akacheka bila ubaya, akasema atanunua kwa wale wa juu ya mto, wao hawana kanisa kwenye kinamasi. Wanawake wakatazamana. Kuanzia siku ile nilisikia minong'ono kila nilipopita, na sikuwalaumu. Watoto walikuwa wakila mara moja kwa siku, na chakula kilikuwa kimesimama pale majini, kinapepea.

Asubuhi moja nilisikia panga kwenye upande uliofungwa. Sauti ya panga kwenye funjo ni nyepesi, kama mtu anayetafuna muwa. Niliingia, maji yakifika magotini. Nilimwona mgongo kwanza, na ile leso ya samawati niliyomletea mimi mwenyewe. Nabwire alikuwa amekata eneo kubwa, mpaka machanga, vichwa vyake vingali vimefumba kama ngumi za watoto. Mizigo ilikuwa imefungwa vizuri na kufunikwa kwa nyasi. Hii haikuwa siku ya kwanza.

Aligeuka, hakushtuka sana. "Nilijua ni wewe," akasema. "Unatembea majini kama mbuzi."

"Nabwire, unafanya nini?"

"Unaona."

Halafu akaniambia, kwa haraka, akiangalia maji. Chumba cha upande wangu wa kulia Burumba, cha yule mama wa omena, kilikuwa kinabaki wazi mwisho wa mwezi. Yeye alikuwa ameshazungumza na mwenye nyumba. Alikuwa amechoka kulala akimsikia mumewe akicheka nyumba ya pili. Nalongo alikuwa amekubali kuchukua mizigo hii kabla haijasukwa, na pesa hizo ndizo zingekuwa kodi. "Nilitaka kuja kukaa karibu na wewe," akasema. "Mimi na Ajambo. Nilitaka nikuambie siku ya kuhamia, nikuone utafanya sura gani."

Nimewahi kumsimulia mtu mmoja au wawili habari hii, na wote huniuliza kwa nini sikunyamaza. Mafunjo ni majani, wanasema. Yataota tena. Ni kweli yangeota, kama yangekuwa ya Nabwire peke yake. Lakini nilikuwa nimemrudisha mama mmoja wa watoto sita wiki iliyotangulia, akiwa na mzigo mdogo wa kumpatia unga wa uji tu, na alirudi bila kunitukana kwa sababu aliamini kwamba hata mwingine angerudishwa. Nikinyamaza kwa Nabwire, kesho wangeingia wote, na wangekuwa na haki. Hayo yote niliyafikiria nikiwa nimesimama kwenye matope. Niliwaza pia kile chumba, mlango wake karibu na wangu, jiko moja la kupikia watu watatu, Ajambo akilia usiku na mimi nikimsikia juu ya ukuta. Niliuona ugali ule jinsi ungeshikana.

"Nitasema kwa Mama Felista," nilimwambia. "Twende pamoja, umweleze mwenyewe. Atakuelewa."

"Haya," akasema, akaokota panga lake.

Mama Felista hakuelewa, au alielewa na hakuwa na la kufanya. Wanawake wakaitwa, mizigo ikagawiwa kwa wajane wa kikundi, na Nabwire akatolewa mpaka msimu uishe. Hakujitetea hata kidogo. Habari za mumewe hakuzitaja, na mimi sikuona kwamba zilikuwa zangu kuzitaja. Alipokuwa akiondoka, Ajambo mgongoni, aligeuka, akasema kwa Kiswahili ili nielewe, "Mlichagua vizuri. Kweli huyu hana mtu."

Hakuna aliyecheka.

Chumba cha kulia kikachukuliwa na kijana mbadilisha pesa mwenye redio kubwa. Wanawake wa kinamasi waliniheshimu kuliko mwanzo. Walinisogezea kiti, waliniwekea chai. Lakini nilipofika mazungumzo yalishuka, kama vile watoto wanavyofanya mwalimu anapoingia. Hakuna aliyejaribu tena kukata upande uliofungwa. Nilizunguka ukingo ule asubuhi baada ya asubuhi, nikiwa na kinamasi kizima cha kuzungumza nacho. Nilikwenda kwa Nabwire, nikaambiwa hayupo, na moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Nilikwenda tena, mama mkwe akanipa maji ya kunywa, tukaketi bila lugha ya pamoja, yule mzee akinipapasa goti. Sikwenda tena.

Nilipopata habari kwamba lori la Kioko limekwama kwenye foleni Malaba, nilimpikia kuku nikampelekea. Foleni ilianzia mbali kabla ya mpaka, malori yamesimama moja nyuma ya jingine, madereva wamelala chini ya trela, akina mama wakipita na chai na mandazi. Tulikula kwenye kivuli cha gurudumu. Alikuwa amekonda, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, na alikuwa akinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali tulipokutana. Nilimweleza yote. Alisikiliza akitafuna, kisha akauliza, "Si ulikuwa na huyo mmoja tu?"

"Huyo tu."

"Na ukamsema."

"Ndiyo."

Alilamba vidole, akafikiri. "Mimi ningenyamaza," akasema. Halafu akaongeza, "Lakini wewe ndiye ningependa unilindie kitu." Alitaka kunifariji. Nilikunja leso ya chakula, na mbele yetu malori yakawashwa, yakasogea kidogo, yakazimwa tena.

Mvua zilipoanza tulifungua upande ule. Wale wa juu ya mto walikuwa wamebaki na matope. Walikuwa wamekata kila kitu, kisha wakachoma na kupanda viazi, navyo vikaoza. Wetu ulikuwa umesimama. Nalongo alikuja mwenyewe, akapanda juu ya rundo letu la mikeka kama kawaida, na safari hii hakusema neno la dharau. Siku hiyo Nabwire alirudi, adhabu yake imekwisha. Alikata mstari wa pili kutoka kwangu, akifanya kazi kuliko wote, akizungumza na kila mtu aliyekuwa kulia na kushoto kwake. Jina langu lilipoitwa yeye hakugeuka. Nilisikia kwa wengine kwamba alikuwa ameanza kujijengea nyumba yake mwenyewe pembeni ya boma, mbali na ya mumewe, akiikandika kwa mikono yake.

Kisha Kioko akahamishiwa njia ya Mombasa, na ikawa lazima niondoke. Katika mkutano wangu wa mwisho Mama Felista aliuliza ni nani atakayelinda baada yangu, maana Mkamba mwingine hayupo. Nilisimama, nikasema Nabwire. Zikazuka kelele.

"Huyo ndiye aliyeiba!"

"Ana mashemeji kila boma hapa!"

"Yeye anajua kunyimwa kunavyouma," nilisema, "na amerudi. Mimi mlinichagua kwa sababu sina mtu. Sioni kama ni sababu nzuri."

Mama Felista alimgeukia Nabwire. Nabwire alikuwa akichora kitu kwenye udongo kwa kijiti. "Nitalinda," akasema, bila kuinua kichwa.

Siku ya kuondoka nilipita kinamasini mara ya mwisho. Nilikuwa na mkeka wangu mmoja wa kubeba, haujafungwa, nikaona nikate funjo moja nilitumie kama kamba. Niliingia pale tulipokuwa tukikata wiki zote zile, nikainama, nikashika shina.

"Mkamba."

Nilinyanyuka. Nabwire alikuwa amesimama ukingoni, Ajambo kiunoni.

"Hapo tumepafunga jana," akasema. "Toka."

Nilitoka, maji yakinichuruzika miguuni, nikiwa na aibu na furaha pamoja, kwa sababu alikuwa ameniita. Nilidhani ataendelea. Alimweka mtoto chini, akaingia upande wa pili mpaka maji yakamfika kiunoni, akachagua shina moja lililokomaa, akalikata. Alilipasua kwa meno, akaukandamiza mkeka wangu kwa magoti, akaufunga kwa fundo kali, akalijaribu kwa kuvuta mara mbili. Niliongea. Nilisema mengi, kuhusu chumba, kuhusu Ajambo, kuhusu anwani yangu ya Mombasa. Alisikiliza mpaka mwisho huku akiangalia fundo.

Halafu alimwinua mtoto, akanikabidhi mkeka, akarudi kuzunguka ukingo kwa njia ileile niliyoizoea, akitazama ndani ya mafunjo, bila kugeuka. Nilisimama hadi nisimwone. Kwa muda bado nilisikia miguu yake majini, kisha nayo sikuisikia tena.